Maili ya Arobaini na Tatu

Lilishuka Mombasa ndani ya kontena,
likavuka Malaba usiku, limefunikwa shuka jeupe
kama maiti ya mtu mkubwa,
na kulipokucha likawa Mbale, chini ya Wanale,
katika banda lenye vigae kuliko nyumba yetu.

"Yalitoka mia tano tu," alisema Dakta Wepukhulu,
"hili ni la mia mbili na tisa,"
akanionyesha kibati cha shaba kando ya usukani,
namba imechongwa, haikupakwa rangi.
Jekundu. Si wekundu wa udongo wetu:
wekundu wa kucha za bibi harusi kabla hajashika sufuria.
Usukani kushoto, mahali pa abiria.
Nailoni ya kiwandani bado kwenye viti.
Na kwenye saa ya mwendo, arobaini na mbili.
Maili, hizo. Miaka yake ishirini na sita.

Kazi yangu ilikuwa Jumamosi:
kufuta vumbi kwa ngozi laini, kupima upepo,
kuliwasha dakika kumi, kulizima.
"Nabifo, usilitoe nje.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."
Nikaitikia. Mtu aliyeng'oa meno ya watu
miaka thelathini huko Ohio habishiwi.

Lakini dakika kumi zile!
Lilinguruma mpaka vikombe vya jirani vikagongana kabatini,
nami nimekaa, mguu umening'inia juu ya pedali
kama paka juu ya maziwa.

Baba yangu, Gidudu, aliendesha Bedifodi ya ushirika,
magunia ya kahawa kutoka Budadiri,
breki zake maombi na jiwe,
mlango umefungwa kwa kamba ya katani.
Saa ya mwendo ilizunguka ikarudi sifuri mara tatu,
na kila mara baba akaichinjia jogoo.
Ilipokufa hatukupata hata boliti ya kuzika.
Nililelewa na gari lililokwisha.
Sasa nilikuwa nalishwa na gari lisiloanza.

Ikawa Agosti ya mwaka shufwa,
mji mzima uko barabarani na ngoma za imbalu,
wavulana wamepakwa unga, wanakimbilia kisu.
Dakta yuko Kampala, kwa ajili ya jicho lake.
Saa kumi za usiku ngoma zikanyamaza,
mvua ikapita, ikaosha lami.
Nilikuwa na funguo.

Sitasema nilikwenda kasi.
Nilishuka Nkokonjeru kwa gia ya pili,
nikauzunguka mnara wa saa, mara moja,
mkono wa kushoto ukitafuta gia mahali isipokuwepo.
Wavulana wawili wenye unga usoni walisimama.
Hawakushangilia. Mmoja alivua kofia yake ya manyoya
akaishika kifuani mpaka nikapita.

Udongo uliobaki kwenye matairi
niliuchokoa kwa njiti ya ufagio hadi alfajiri.
Ninao bado, kwenye kiberiti.

Mnunuzi alikuja Novemba, kutoka Dubai,
na glavu nyeupe na kurunzi nyembamba kama kalamu.
Akalala chini ya gari kwenye mkeka wake mwenyewe.
Akasoma hati: arobaini na mbili.
Akasoma saa ya mwendo. Akaisoma tena.
"Nani?"

Dakta alinitazama kwa jicho lake jipya,
akanitazama sana,
kisha akasema, "Mimi."
Bei ikashuka dola elfu mbili.
Sijui maili nyingine Bugisu nzima iliyogharimu hivyo.

Lilipoondoka, limefunikwa shuka lake,
tulibaki bandani na vigae na doa moja la oili.
Nikasubiri kufukuzwa.
Dakta akavuta debe, akakaa,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei
ya kitu ambacho hana fedha zake:
"Ile gia ya pili. Ilikuwaje?"